Ncha Isiyoonekana: Kuipanga Darubini kwa Kamera na Kompyuta Tukiwa Bagamoyo

Ndugu walimu, wanafunzi, wazazi mliowaleta watoto, na ninyi wazee wetu wa Bagamoyo, shikamooni. Nawashukuru kwa kuja jioni hii ya Julai, na nawaomba uvumilivu, maana nitaongea kwanza ndipo tutoke nje. Darubini iko uwanjani tayari, vijana wanailinda.

Miaka michache iliyopita niliingia maabara ya shule moja ya sekondari, nikaona juu ya kabati sanduku refu lililojaa vumbi. Ndani mlikuwa na darubini kamili, stendi yake, mota yake, hata vile vizito vya chuma bado vimo kwenye nailoni. Nikamuuliza mwalimu wa fizikia mbona haitumiki. Akajibu kwa unyonge kwamba ni mbovu, ilifika ikiwa mbovu. Nikauliza, ubovu wake nini? Akaniletea kijitabu cha maelekezo, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: elekeza mhimili kaskazini, chungulia, itafute nyota ya Polaris, ile iliyo jirani na ncha ya kaskazini ya anga. Walikuwa wameitafuta wiki mbili, wanafunzi wakipokezana usiku baada ya usiku. Hawakuiona. Wakaona kosa ni la lenzi.

Darubini ile ilikuwa nzima. Polaris ndiyo isiyokuwepo. Kwa mtu aliyesimama hapa tulipo, nyota hiyo iko karibu digrii 6 chini ya upeo, na haichomozi hata usiku mmoja wa mwaka. Kijitabu kiliandikwa kwa ajili ya watu wa mbali kaskazini, na hakuna aliyewaambia wale watoto. Jambo lile liliniuma. Nimekuja kusema leo kwamba sisi wa huku hatuhitaji kuiona ncha ya anga, yaani ile nukta ambayo anga lote huonekana kuizunguka, ili tuilenge darubini yetu. Kamera ya kawaida ya dijitali na kompyuta ndogo vinatosha, hata kama ncha yenyewe imefichwa na mnazi.

Kwanza, ncha ni ya nini? Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Kwa hiyo anga huonekana likisogea digrii 15 kila saa, na ukipitisha jicho kwenye darubini utaona nyota ikikimbia kutoka upande mmoja hadi mwingine na kutoweka. Stendi tunayoiita ya ikweta ina mhimili mkuu mmoja unaozungushwa na mota. Mhimili huo ukilala sambamba na mhimili wa Dunia, mota inafuta mzunguko wa Dunia, na nyota inatulia mahali pamoja. Ukikosea kidogo, nyota inateleza. Jicho halitagundua, lakini kamera iliyoachwa wazi dakika mbili itagundua: badala ya nukta utapata vijiti.

Nawapa hesabu, maana bila hesabu mtu hajui kosa lipi ni kubwa na lipi ni dogo. Digrii moja ina dakika 60, dakika moja ina sekunde 60. Hizi ni za pembe, si za saa. Mwezi mpevu una upana wa dakika kama 30. Mhimili ukikosea ncha kwa dakika moja, nyota huteleza, ikizidi sana, kama robo ya sekunde ya pembe kwa kila dakika ya saa. Kosa la digrii nzima huleta utelezi wa karibu sekunde 16 kwa dakika. Kamera yangu yenye pikseli za mikromita 4.3, nikiifunga kwenye lenzi ya milimita 400, kila pikseli hushika sekunde 2.2 za anga. Basi kwa kosa la digrii moja, nyota inavuka pikseli saba kila dakika. Picha imeharibika kabla hujamaliza kunywa chai.

Hapa Bagamoyo tuko latitudo ya 6.4 kusini, na ncha ya kusini ya anga iko juu ya upeo kwa digrii hizohizo 6.4. Nyoosheni mkono, unganisheni vidole vinne: kimo cha ncha ni pungufu kidogo ya upana wa vidole hivyo. Sasa tazameni kusini. Pana minazi, pana unyevu wa bahari, na nyuma yake pana mwanga wa Dar es Salaam. Hata pangekuwa peupe, ncha hii haina nyota kubwa inayoitambulisha. Iliyo karibu, Sigma Octantis, ina mng'ao wa 5.4, yaani ile ambayo mtu mwenye macho mazuri huiona kwa shida akiwa mahali penye giza totoro tena nyota iwe juu. Chini pale kwenye vumbi na ukungu, msiitafute.

Kuna na hila nyingine. Hewa hupinda mwanga. Kadiri unavyotazama chini ndivyo unavyopita kwenye hewa nyingi, na vitu huonekana vimeinuliwa kuliko vilipo. Kwenye kimo cha ncha yetu kuinuliwa huko ni dakika kama 8. Arusha, ambako ncha iko digrii 3.4 tu, kunapita 10. Nairobi kunapita 15. Kwa hiyo hata yule ambaye angefaulu kuiona ncha kwa macho na kuilenga barabara angekuwa amelenga mahali ambapo haipo.

Mzee mmoja, nahodha mstaafu, kanisimamisha hapo mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, dira kazi yake nini?" Mzee wangu, dira tunaitumia, tena kwanza kabisa. Lakini dira hufuata sumaku ya Dunia, wala sumaku hiyo haielekei ncha halisi sawasawa. Halafu stendi ni chuma. Ukiiweka dira karibu nayo inadanganyika. Ukisogea hatua kadhaa na kupima kwa utulivu, utakaribia kwa digrii moja au mbili. Sisi tunataka dakika chache. Dira inatufikisha bandarini, haitufungi gatini.

Na nahodha huyu amenikumbusha jambo ninalolipenda mno. Mabaharia wa Bahari ya Hindi waliijua nyota ya jahi, hiyohiyo Polaris, wakaipima kimo kwa kifaa kiitwacho kamal: kibao chenye uzi wa mafundo, fundo wanaling'ata kwa meno, kibao kinagusa upeo chini na nyota juu. Kimo kikawaambia wako latitudo gani. Lakini waliposhuka kusini kuja kwetu jahi ilizama baharini. Hawakugeuza jahazi. Walipima nyota nyingine zilizoizunguka ncha, zile mbili walizoziita farkadani, na zilipokuwa chini nazo, wakapima nyota za Dubu Mkubwa. Ahmad ibn Majid, nahodha wa Julfar wa karne ya 15, aliandika njia za bahari hadi Sofala, Msumbiji ya leo, kwa elimu ya namna hiyo. Ncha hawakuiona. Waliikokotoa kwa nyota walizoziona. Tutakachokifanya usiku huu na kamera ni kazi ileile.

Sasa nieleze kompyuta inavyoijua picha, maana wengi hudhani ni mazingaombwe. Piga picha ya sehemu yoyote ya anga, sekunde 5 au 10. Programu inatafuta nukta za nyota, inachukua nne. Kati ya hizo nne inachagua mbili zilizo mbali zaidi, inazifanya rula. Kisha inapima nyota mbili zilizobaki ziko wapi kwenye rula hiyo. Zinapatikana namba nne. Uzuri wa namba hizi ni kwamba hazibadiliki ukiigeuza kamera kichwa chini, wala ukibadilisha lenzi. Ni kama alama ya kidole. Programu inazilinganisha na orodha kubwa ya alama za namna hiyo iliyotengenezwa mapema kutoka ramani ya anga, na ikipata inayofanana inakagua nyota zilizobaki kama nazo zimekaa panapotarajiwa. Zikikubali, kompyuta imejua kamera inatazama wapi, kwa usahihi wa sekunde chache za pembe. Programu ya Astrometry.net, ambayo waanzilishi wake walieleza ufundi huu kwa kina mwaka 2010, ilifungua mlango kwa watu wa kawaida. Nyingine, ASTAP, hufanya kazi hiyohiyo ndani ya laptopu yako bila intaneti. Orodha ya nyota unaipakua mara moja tu ukiwa mjini. Na ni bure.

Kujua kamera inatazama wapi bado si kujua mhimili umelala vipi. Hapo ndipo ninapoomba masikio yenu, hasa vijana. Chukueni gurudumu la baiskeli, lifunikeni kwa gunia, mtoboe matundu matatu ukingoni tu. Ekseli hamuioni. Lakini matundu matatu yanawaonyesha vipande vitatu vya ukingo, na kwa nukta tatu mtu yeyote aliyesoma jometri ya sekondari anachora duara zima na kupata kitovu chake. Kitovu ndiyo ekseli. Darubini nayo iko hivyo. Ukiuzungusha mhimili mkuu peke yake, mahali kamera inapotazama panachora duara angani, na kitovu cha duara hilo ndipo mhimili wako unapoelekea. Basi: piga picha ya kwanza, kompyuta iitambue. Zungusha mhimili mkuu digrii 10 au 15, piga ya pili. Zungusha tena, piga ya tatu. Kompyuta inapata kitovu, inakilinganisha na ncha halisi, inakwambia: umekosea dakika 74 kushoto, dakika 31 chini.

Picha hizo tatu zinaweza kupigwa popote pale, juu utosini, juu ya bahari mashariki, popote palipo na nyota. Si lazima upande wa kusini. Nasisitiza hili kwa sababu zipo programu nyingine, nazo ni nzuri kwa watu wa huko kwao, zinazotaka kamera ielekezwe jirani na ncha. Kwetu zitakupigisha picha za makuti. Tafuteni ile yenye njia ya nukta tatu: N.I.N.A. inayo, ni ya bure kwa kompyuta za Windows. Mwenye Linux au ile kompyuta ndogo ya Raspberry Pi atumie Ekos iliyomo ndani ya KStars, nayo ni bure.

Baada ya kuambiwa kosa, unakaza na kulegeza skrubu za chini ya stendi, za kushoto na kulia, na ya kuinua na kushusha. Miguu ya stendi haiondolewi, mhimili wa darubini hauguswi. Kamera inaendelea kupiga, programu inaendelea kusoma, namba zinapungua mbele ya macho yako. Dakika 74 zinakuwa 50, zinakuwa 12, zinakuwa 3. Mara ya kwanza nilipoliona hili nilikuwa na wanafunzi wanne, tochi nyekundu mmoja kaishika mdomoni, na kila namba iliposhuka walikuwa wanaihesabu kwa sauti.

Yapo mambo ambayo kijitabu hakitawaambia. Stendi nyingi zimeundwa kwa watu wa latitudo 30, 40, 50. Ukiushusha mhimili hadi digrii 6, ama skrubu inagota, ama fimbo ya vizito inagonga mguu wa stendi darubini ikizunguka. Msikate chuma. Mimi naweka kipande cha ubao wa mninga chini ya mguu mmoja, stendi nzima inainama, na digrii nilizokosa zinapatikana. Mtaambiwa stendi lazima iwe sawa kama meza. Si lazima. Kinachotakiwa kulala sawa ni mhimili. Stendi ikiinama, skrubu za pembeni zitasogeza juu kidogo na za juu zitasogeza pembeni kidogo, basi utarudia mara moja zaidi. La muhimu ni kwamba isitikisike. Na mkimaliza kukaza skrubu zote, pigeni tena picha tatu, kwa sababu kule kukaza kwenyewe kunasogeza.

La pili, mota. Kwenye kidude cha mkononi kuna mahali pa kuchagua kaskazini au kusini. Ikiachwa kaskazini, mota inazunguka kinyume, na badala ya kufuta mwendo wa nyota inauongeza mara mbili. Nilipiga picha yangu ya kwanza hivyo, sekunde 30, nikapata mistari ya pikseli 400. Latitudo nayo iandikwe na alama ya kutoa mbele: 6.4 kasoro hiyo alama ni mahali kwingine kabisa, kaskazini ya ikweta.

La tatu ni saa, na hili ni la kwetu hasa. Laptopu ya zamani iliyokufa betri ya saa, mahali pasipo na intaneti, lazima uiandikie muda kwa mkono. Kijana mmoja hodari sana aliandika saa 2, kwa sababu ilikuwa saa mbili usiku, na mama yake hakumfundisha saa nyingine. Kompyuta ikaelewa saa nane usiku. Saa 6 za tofauti ni robo ya mzunguko, digrii 90. Matokeo yake juu iligeuka kuwa pembeni: tukikaza skrubu ya kuinua, namba ya kushoto na kulia ndiyo inayobadilika. Tulihangaika saa nzima tukidhani stendi imevunjika. Mkiona skrubu moja inabadilisha namba ya mwenzake, acheni chuma, angalieni saa.

Na asiye na laptopu? Kamera peke yake inaweza, ila kwa subira. Lenga nyota iliyo juu kabisa, kidogo kaskazini ya utosi, pale ikweta ya anga inapokata mstari wa kaskazini na kusini. Fungua shata kwa sekunde 125. Sekunde 5 za kwanza usiguse kitu, nyota ichome nukta. Kisha bonyeza kitufe cha mwendo wa polepole kuelekea mashariki kwa dakika moja, halafu magharibi kwa dakika moja. Nyota itakwenda na kurudi. Mhimili ukiwa sawa, itarudi juu ya njia yake na kuigusa ile nukta, utaona mstari mmoja. Ukiwa umekosea kushoto au kulia, itarudi kwa njia nyingine na kuacha herufi V. Sogeza skrubu ya pembeni, piga tena. V imepanuka? Umekwenda kusiko, rudi. Ikifumba, hamia kwenye nyota iliyo chini mashariki au magharibi, hapa tunayo bahari mashariki, uwanja mzuri, na urekebishe kimo kwa njia ileile. Kwa lenzi yangu, kosa la digrii moja hufungua mdomo wa V kwa pikseli kama 15, kwa hiyo kuza picha kwenye kioo cha kamera hadi mwisho, usiiangalie kwa mbali. Kosa la dakika 10 litakuwa pikseli mbili na kidogo, na hapo ndipo njia hii inapoanza kuishiwa. Lakini mtoto mwenye kamera ya kuazima na mota ya bei ndogo anaweza kuifanya bila senti ya ziada, nami naiheshimu sana.

Mwalimu mmoja ameandika swali kwenye karatasi: tusawazishe hadi wapi? Nakwambia mwalimu, usiutafute ukamilifu. Kwa lenzi ya milimita 400 na picha za dakika mbili, kosa la dakika 4 halitasogeza nyota zaidi ya pikseli moja. Meno ya gia ya stendi yatakusumbua kabla ya ncha. Nimewaona watu wakisaka dakika sifuri hadi Mwezi ukachomoza, na usiku ukaishia kwenye skrubu. Mkifika 3 au 4, geuzeni darubini kwenye anga.

Kwa maana anga letu linastahili haraka hiyo. Ncha zote mbili zimelala karibu na upeo, kwa hiyo karibu kila nyota iliyopo hupita juu ya Bagamoyo wakati mmoja au mwingine wa mwaka. Nebula ya Orion, lile wingu la gesi na vumbi, Desemba na Januari hupita utosini, digrii moja tu kutoka juu ya kichwa, mahali ambapo hewa ni nyembamba kuliko kote. Watu wa Ulaya huitazama ikiwa imepanda kama nusu ya njia hadi utosini, au pungufu. Na Omega Centauri, fungu la nyota karibu milioni 10 lililo umbali wa miaka ya nuru kama 17,000, wengi wao hawaioni kabisa. Sisi sasa hivi, nikiwa naongea, iko kusini juu ya ile minazi, kama ngumi nne na nusu kutoka upeoni.

Ndiyo tutakayoipiga picha leo: dakika mbili, mara ishirini, na watoto watapanga foleni kuona kila picha inapofika kwenye kioo. Anayebeba betri atangulie, mwenye ubao wa mninga amfuate. Tochi ziwe nyekundu, na simu zifungwe jamani, macho yanahitaji kama nusu saa kuzoea giza. Wewe kijana uliye kwenye kompyuta, saa yangu ya mkononi ni saa moja na nusu. Andika 19:30.